Mfumo endeshi ukatwe vipande vingapi?

Mwanafunzi anayejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye Ubuntu au Debian, mifumo endeshi ya aina ya Linux, hufikia mahali anaambiwa aandike amri `python3 -m venv`, ili kazi yake ikae katika mazingira yake yenyewe na isichanganyike na programu nyingine za kompyuta. Anaiandika. Kompyuta inamjibu kwamba mazingira hayakuundwa kwa kuwa ensurepip, sehemu ya Python inayoweka zana ya pip ya kusakinishia nyongeza, haipo, na kwamba inabidi kwanza asakinishe kifurushi kiitwacho python3-venv. Mwenzake mwenye Windows, aliyechukua Python moja kwa moja kwa waundaji wake, hajawahi kukutana na jambo hilo. Kwake vyote vilikuja pamoja.

Kwenye Debian, na kwenye Ubuntu iliyotokana nayo, Python imekatwa vipande. Kuna python3-minimal, kipande kidogo cha kutosha kuendesha hati za ndani za mfumo. Kuna python3 yenyewe. Kuna python3-dev kwa anayeunganisha Python na msimbo wa C, python3-tk kwa anayetaka programu zenye madirisha, python3-doc kwa msomaji wa nyaraka, na hicho python3-venv. Kila mkato una sababu yake, na baadhi ya sababu hizo ni nzuri sana. Lakini kukata hakufuti gharama. Kunaihamisha kutoka kwenye diski na mtandao kwenda kwenye kichwa cha mtu, na mara nyingi mtu huyo ndiye mwenye ujuzi mdogo kuliko wote waliohusika.

Kwanza tuone kifurushi kinavyofanya kazi. Kwenye Linux na BSD, familia mbili za mifumo endeshi, programu nyingi hutoka kwenye ghala moja linalotunzwa na mradi wa mfumo wenyewe. Kifurushi ni mafaili yaliyofungwa pamoja na jina, namba ya toleo, na orodha ya vifurushi vingine kinavyovitegemea. Debian ina apt, Alpine ina apk, Arch ina pacman, FreeBSD ina pkg. Zote husoma orodha hizo, hukokotoa nini kinahitajika, hupakua na kuweka mahali pake. Waundaji wa programu hutoa msimbo mmoja, na ni mtunzaji wa kifurushi katika mradi wa mfumo anayeamua msimbo huo utoke vifurushi vingapi. LibreOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi, kwenye Debian hutoa zaidi ya 100, wingi wao ukiwa tafsiri na nyaraka za lugha mbalimbali.

Debian 1.1 ya mwaka 1996 ilikuwa na vifurushi 474. Debian 12 ya Juni 2023 ilikuwa na 64,419. Ongezeko hilo limeletwa zaidi na programu mpya, ila mazoea ya kukata nayo yamechangia.

Mkato wa kawaida kuliko yote ni wa maktaba, yaani msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Chukua OpenSSL, inayosimba mawasiliano ya mtandaoni. Kwenye Debian 12 maktaba yenyewe inakaa katika libssl3, mafaili ya kuundia programu mpya yanakaa katika libssl-dev, nyaraka katika libssl-doc, na amri ya `openssl` katika kifurushi chake. Seva inayotoa kurasa za tovuti inahitaji cha kwanza tu. Ile namba 3 kwenye jina ina kazi kubwa: toleo jipya la maktaba likija na mabadiliko yasiyopatana na la zamani, linapewa jina jingine, na matoleo mawili yanaweza kukaa kwenye mashine moja hadi programu zote zihamie jipya. Maktaba, nyaraka na mafaili ya kuundia yangekuwa kifurushi kimoja, matoleo hayo mawili yangegombea mafaili yaleyale na moja lingelazimika kuondoka. Mkato huu siuonei shaka hata kidogo.

Mkato mwingine unaoeleweka ni wa vipande vinavyoburuta vitu vizito. Git, zana ya kutunza historia ya msimbo, kwenye Debian ina git-svn pembeni, kwa sababu kuzungumza na Subversion, zana nyingine ya kazi hiyohiyo, kunahitaji maktaba za Subversion ambazo watumiaji wengi wa Git hawatazigusa maisha yao yote. Gitk na git-gui ziko pembeni kwa sababu zinahitaji Tk, na Tk huleta maktaba za kuchora madirisha kwenye seva isiyo hata na skrini. Python3-tk imetengwa kwa sababu hiyohiyo. TeX Live, mfumo wa kupanga vitabu na makala za kisayansi, ukiuchukua wote kwa texlive-full unakula gigabaiti kadhaa. Ukichukua texlive-latex-base peke yake mzigo unapungua sana. Kwa anayepakua kwa bando la simu, tofauti hiyo ni fedha.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ya kukata, hata hivyo, inahusu usalama, na ilijitokeza wazi tarehe 29 Machi 2024. Siku hiyo Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waundaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yamepandikizwa mlango wa siri. Alikuwa ameanza kushuku alipoona kuingia kwenye mashine kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Mlango huo ulilenga sshd, programu inayowapokea wasimamizi wanaoingia kwenye seva kutoka mbali. Aliyesoma tangazo lile alikuwa na haki ya kuuliza: sshd na xz wapi na wapi? OpenSSH kama inavyotoka kwa waundaji wake haiihitaji liblzma, maktaba ya xz.

Njia ilipita kwenye libsystemd, maktaba ya systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma nyingine za mfumo. Debian, Fedora na baadhi ya mifumo mingine walikuwa wameongeza kiraka, yaani msimbo mdogo wa nyongeza, kwenye sshd ili iiarifu systemd kwamba imeshaanza na iko tayari. Ujumbe wenyewe ni maneno machache yanayotumwa kwenye soketi, njia ya programu kuwasiliana. Zamani kazi hiyo ilikuwa na maktaba yake ndogo, libsystemd-daemon. Mwaka 2014, katika toleo la 209, waundaji wa systemd waliziunganisha maktaba nne ndogo kuwa libsystemd moja. Ndani yake kukawa na msimbo wa kusoma kumbukumbu za mfumo, ambazo huweza kuhifadhiwa zikiwa zimebanwa, na kwa hiyo libsystemd ikawa inaburuta liblzma. Basi sshd iliyotaka kusema tu kwamba iko tayari ikawa inapakia msimbo wa kubana data kwenye kumbukumbu yake, na humo ndimo mshambuliaji alimojificha.

Waliounganisha mwaka 2014 walikuwa na sababu ya kweli: zile maktaba nne zilikuwa zikiitana zenyewe kwa mzunguko, na mzunguko wa utegemezi ni adha kwa kila anayejaribu kuunda au kusasisha mojawapo. Kuunganisha kuliondoa adha hiyo na kukaleta hatari ambayo hakuna aliyeipima kwa miaka 10. Tangu toleo la 256 la Juni 2024, libsystemd huita maktaba za kubana data pale tu kazi inapozihitaji. Mpaka umerudishwa, safari hii ndani ya maktaba yenyewe.

Kwa hiyo napima mkato kwa kuuliza swali moja: kipande kikikaa ndani, kinamletea asiyekihitaji mzigo gani au hatari gani? Git-svn inajibu vizuri. Liblzma ndani ya sshd inajibu kwa kishindo. Python3-venv inajibu nini? Inaleta pip na wenzake, megabaiti chache, bila madirisha wala huduma inayokaa macho ikisubiri watu mtandaoni. Nyuma yake kuna kanuni ya Debian ya kutopachika nakala za msimbo wa mradi mmoja ndani ya kifurushi cha mwingine, kanuni ninayoiheshimu kwa sababu inarahisisha kuziba tundu la usalama mara moja kwa wote. Ila kwa mwanafunzi anayeanza, bei ni kubwa kuliko faida. Hata Debian wenyewe ndio waliouandika ule ujumbe wa kumwelekeza, ishara kwamba walijua watu wengi watajikwaa hapo.

Sasa gharama zisizoonekana. Kila kifurushi kina maelezo yake kwenye faharasa ya ghala, na `apt update` huleta maelezo ya vifurushi vyote, vya kwako na visivyo vyako. Kila kifurushi kipya kwenye Debian, hata kikiwa ni kipande tu kilichokatwa kutoka kwenye programu iliyokuwapo tangu zamani, hupita kwenye foleni ya ukaguzi inayosimamiwa na watu wachache wa kujitolea. Na kuna majaribio. Programu yenye vipande 20 vya hiari inaweza kusakinishwa kwa namna 1,048,576, na hakuna mradi duniani utakaozijaribu zote. Watunzaji hujaribu namna mbili tatu zilizozoeleka. Aliyejichagulia mchanganyiko wake anabaki mjaribu wa kwanza.

Hatari kubwa zaidi huwa siku ya kukata yenyewe, maana kuna mashine zilizokwisha sakinishwa ambazo haziijui ramani mpya. Debian 12 ilitoa mfano mzuri. Hadi Debian 11, systemd-resolved, huduma inayobadilisha majina ya tovuti kuwa anwani, ilikuja ndani ya kifurushi cha systemd, ingawa kwa kawaida ilikuwa haijawashwa. Kwenye Debian 12 ikapewa kifurushi chake. Nia ilikuwa njema, kwani wengi hawakuwa wakiitumia. Lakini msimamizi aliyekuwa ameiwasha aliposasisha mfumo, huduma ilitoweka, na maelezo rasmi ya toleo yalionya kwamba utafutaji wa majina unaweza kuacha kufanya kazi mpaka kifurushi kisakinishwe. Fikiria hali hiyo: unahitaji kupakua kifurushi kutoka mtandaoni, na kitu kilichoondoka ndicho kilichokuwa kikikuwezesha kulifikia ghala kwa jina. Kama seva iko mbali, na mlango wako pekee ni SSH, kazi ya dakika moja inageuka usiku mzima.

Kwa nini Debian hawakulazimisha kifurushi kipya kije chenyewe kwa kila mtu? Kwa sababu kusakinishwa kwake huipa systemd-resolved mamlaka juu ya faili la `/etc/resolv.conf`, linaloieleza mashine iulize wapi anwani za majina, na wasiokuwa wakiitumia wangeharibikiwa. Hapo ndipo panaponiuma katika mada hii: kipande kikishakuwa cha hiari kwa watu wa aina mbili, hakuna mpango wa kusasisha utakaowafaa wote wawili. Msimamizi wa vifurushi anajua mafaili yaliyopo. Nia ya mwenye mashine haijui.

Debian wamejaribu kuziba pengo hilo kwa kuweka ngazi za utegemezi. Kifurushi kinaweza kusema kwamba kingine ni cha lazima, au kinapendekezwa, au kinashauriwa tu. Tangu Debian 5.0 ya Februari 2009, apt husakinisha vinavyopendekezwa bila kuulizwa, na anayetaka kidogo ndiye anayelazimika kusema. Huo naona ni uamuzi bora kuliko yote waliyofanya katika suala hili. Unampa mzima anayehitaji mzima, na kazi ya kupunguza unamwachia mtu aliyeonyesha kwamba anajua anachokipunguza.

Lakini tazama kilichofuata. Watu wanaotengeneza kontena, mafurushi madogo ya kurusha programu kwenye seva za kukodi, wamezoea kuandika `--no-install-recommends`, yaani vinavyopendekezwa visisakinishwe, kila mahali, wengine kwa kunakili tu. Wanasakinisha curl, programu ya kupakua vitu mtandaoni, namna hiyo, kisha kila anwani ya https inakataa, kwa sababu ca-certificates, orodha ya mamlaka zinazoaminika kuthibitisha tovuti, ni pendekezo tu kwa maktaba ya curl. Baadhi huongeza ca-certificates. Wengine, na hili linanisikitisha kweli, huiambia curl isithibitishe cheti kabisa, na wanaendelea na safari. Mfumo uliokatwa ili uwe salama zaidi unaishia kuongea na yeyote anayejiita seva.

Mwaka 2024 ugomvi wa aina hii uliwahusu watu wa KeePassXC, programu ya kutunza manenosiri. Mtunzaji wake wa Debian, katika tawi lisilotulia linalopokea mabadiliko kwanza, alibadilisha kifurushi cha keepassxc kiwe bila kazi za mtandao wala muunganiko na kivinjari, na toleo kamili akalipa jina la keepassxc-full. Hoja yake ilikuwa ya usalama: mtunza siri asiwe na milango asiyoihitaji. Hoja hiyo ina uzito, na baada ya xz ilikuwa na uzito zaidi. Waundaji wa programu nao walilalamika kwamba watumiaji wangesasisha, wakute kivinjari hakiongei tena na hifadhi ya manenosiri, na wawaletee wao malalamiko. Kwangu mimi, tatizo halikuwa kuwepo kwa toleo dogo. Tatizo lilikuwa kulipa toleo dogo jina ambalo watu tayari walilijua kuwa la programu nzima. Mtu aliyekwisha sakinisha kitu hapaswi kukipoteza kwa kusasisha.

Upande wa BSD mjadala una sura nyingine. Huko mfumo wa msingi, yaani kerneli ambayo ndiyo kiini cha mfumo, maktaba ya C, amri za kawaida na hata sshd, huandikwa na kutolewa na mradi mmoja kama kitu kimoja. OpenBSD mpaka leo hukugawia mfumo kwa mafungu: nje ya kerneli kuna manne ya msingi na manne ya mfumo wa madirisha wa X, na mradi unashauri uweke yote. Mhandisi anayepokea ripoti ya hitilafu kutoka kwa mtumiaji wa OpenBSD anajua karibu kabisa kilichoko kwenye mashine ile. Kwa timu ndogo, kujua hivyo kunaokoa muda mwingi ambao Debian inautumia kuuliza umesakinisha nini.

FreeBSD ilikuwa karibu na mtindo huo. Mwaka 2016 ulitolewa mpango wa kuukata mfumo wa msingi uwe vifurushi vya pkg, na mkato wa kwanza ulitoa zaidi ya 700. Wengi waliogutuka walikuwa na haki. Kerneli na maktaba ya C vikisasishwa kwa nyakati tofauti, mashine inaweza kugoma kuwaka, na orodha ya mamia ya majina haisomeki na binadamu. Waliotaka mpango huo nao walikuwa na haki: zana ya zamani, freebsd-update, ilikuwa polepole, na mtu wa kuendesha seva ndogo au kisanduku cha mtandao hakuwa na njia rahisi ya kuacha asichokihitaji. Mpango ulichukua miaka, na FreeBSD 15.0 ya Desemba 2025 ndiyo iliyoupeleka kwenye kisakinishi kama chaguo la majaribio, kando ya mtindo wa zamani.

Kilichonivutia ni kwamba baada ya kukata, iliwabidi waunganishe upya. FreeBSD ina vifurushi vitupu kama FreeBSD-set-minimal na FreeBSD-set-base, ambavyo kazi yao ni kuvuta vingine kwa kundi. Debian ina build-essential na texlive-full kwa kazi hiyohiyo. Arch, ambayo kwa desturi haipendi kukata na huweka mafaili ya kuundia pamoja na maktaba, ilipoigawa linux-firmware, programu ndogo zinazoendesha vifaa, kwa kufuata watengenezaji wa vifaa mnamo Juni 2025 iliacha jina la zamani libaki kama kundi. Alpine ilikwenda mbali zaidi kwa ustadi: nyaraka zote ziko kwenye vifurushi vyenye mkia wa -doc, lakini ukisakinisha kifurushi kimoja kiitwacho docs, kuanzia hapo kila programu unayoongeza inakuja na nyaraka zake yenyewe. Unatamka nia yako mara moja na apk inaikumbuka. Hivyo Alpine inaweza kuanza na taswira ya kontena isiyofika megabaiti 10 na bado isimwache mtu anayetaka kusoma. Natamani Debian wangekuwa na njia nyepesi kama hiyo.

Na njia hiyo ingewafaa hata wanaoandika Kiswahili. Kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili ipo kwenye Debian na Ubuntu, katika kifurushi chake, hunspell-sw. Kuitenga ni sawa kabisa. Hakuna sababu mtu wa Oslo aipakue. Lakini mwalimu wa Mbeya anayetumia kompyuta iliyosakinishwa kwa Kiingereza hufungua LibreOffice, akaandika barua kwa wazazi, na karibu kila neno likapigiwa mstari mwekundu. Hakuna ujumbe unaomwambia kifurushi kipo, kama ule anaoupata mwanafunzi wa Python. Yeye ataamini kwamba kompyuta haijui Kiswahili, atazima ukaguzi wa tahajia, na hatarudi tena kuutafuta. Amri anayoihitaji ni `sudo apt install hunspell-sw`, kisha achague Kiswahili kuwa lugha ya maandishi ndani ya LibreOffice. Waliokata kifurushi hicho walifanya kazi yao vizuri. Programu inayoona maandishi ya Kiswahili na kukosa kamusi yake ndiyo inayopaswa kufungua mdomo.